Maneno Kati ya Nyimbo

Shemeji yangu hakuimba siku ile, wala hakupaswa kuimba. Katika mji wa dada yangu kule Mwankoko, mwenye uwele haimbi siku uwele wake unapopurwa. Wanaoimba ni majirani waliokuja na fimbo zao. Yeye huzunguka uwanja wa kupuria, huangalia nani amechoka na nani hajapata maji, na wimbo unapokwisha, kabla haujaanzishwa mwingine, husema maneno mawili matatu: huwashukuru watu, huwatania wavivu, huwaeleza pombe imefikia wapi. Kisha hunyamaza, na fimbo huanza tena.

Naanza na desturi hiyo kwa sababu asiyeijua hataelewa kwa nini CD mbili zilizojaa nyimbo zilitutaabisha kwa ajili ya mahali pasipo na wimbo.

Msimu uliotangulia upuraji huo, wanunuzi wa alizeti walikuwa wameanza kufika hadi vijijini kwetu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mashine za kukamua mafuta zilikuwa zikiongezeka mjini Singida, na mkulima asiyekuwa na alizeti alitazamwa kama mtu aliyelala wakati wenzake wameamka. Shemeji alipanda alizeti shamba zima. Dada yangu alikataa. Alijitengea kipande upande wa chini, akakilima kwa jembe la mkono, akapanda uwele. Mumewe alimcheka mbele ya majirani, akasema mkewe anawalimia ndege. Mvua zikakatika mapema. Alizeti ilikauka ikiwa haijafika kiunoni, lakini uwele ulistahimili, na ndio uliolisha mji ule hadi mavuno yaliyofuata. Hayo niliyaona kwa macho yangu na ninaweza kuyatolea ushahidi.

Siku ya kupura sikuwapo. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo huko Iramba, na ruhusa hazikupatikana ovyo. Alikuwapo msomi mmoja kutoka chuo kikuu, aliyekuwa akikusanya nyimbo za kazi katika mikoa ya kati. Alitega vinasa sauti vyake pembeni mwa uwanja tangu asubuhi hadi jioni, akala pamoja na watu, akaondoka.

Miaka michache baadaye shemeji alifariki. Ni pale msibani ndipo dada yangu alipoanza kuambiwa jambo ambalo hakuwa amelisikia kabla. Waliambiana waombolezaji, kisha wakamwambia yeye, kwamba siku ile ya kupura mumewe alisimamisha nyimbo na kutangaza mbele ya watu kwamba uwele ule ulikuwa wa mkewe, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mjinga. Mmoja alisema alivua kofia. Mwingine alisema alitokwa na machozi. Wa tatu alimwekea marehemu hotuba ndefu kuliko maneno yote niliyowahi kumsikia akiyasema katika uhai wake. Nilimwuliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi wakati huo. Yule wa kofia alikuwa amekwenda kuchota maji. Yule wa machozi aliambiwa na mkewe. Yule wa hotuba, baada ya kubanwa, alikiri kwamba mwaka ule alikuwa Manyoni.

Dada yangu alikuwa jikoni siku ile, pamoja na wanawake wenzake, katikati ya moshi na kelele za vyungu. Hakusikia kitu. Naye mumewe, katika miaka yote waliyoishi baada ya uwele ule, hakumwambia neno.

"Angekuwa amelisema kwa watu," aliniuliza siku moja, "angeshindwa nini kuniambia mimi niliyelala naye nyumba moja?"

Nilimjua shemeji. Alikuwa mtu mwema na mgumu, na sifa zilimtoka kwa shida.

Kisha, nikiwa nimekwisha kustaafu na kurudi nyumbani kwangu Utemini, pale mjini Singida, sanduku langu la posta likaleta kifurushi. Msomi yule hakuwa ametusahau. Ndani mlikuwa na CD mbili, juu ya kila moja pameandikwa jina la kijiji na namba, moja na mbili. Nilizipeleka Mwankoko siku iliyofuata. Dada yangu alizipokea kwa mikono miwili, akazipapasa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu na alikuwa hatambui sura ya mtu mpaka aseme.

"Umezisikiliza?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sikuona haki kumtangulia.

"Vizuri. Na mwingine asizisikilize. Nimechoka kuambiwa. Nataka nisikie mwenyewe."

Nilikuwa na redio ya kupigia CD nyumbani, nikamkaribisha aje. Alikataa. Kwangu kulikuwa na wake za wanangu, watoto na wageni wa kila saa, na hakutaka kutazamwa usoni wakati anasikiliza. Kwake hakukuwa na umeme, na redio ya aina ile humaliza betri kubwa kabla CD moja haijaisha. Binti yake aliyeolewa Dar es Salaam ndiye aliyetatua jambo hilo. Alimletea mama yake kwa mkono wa msafiri kidude kidogo kuliko kiberiti, chenye betri moja nyembamba na nyaya mbili za kuchomeka masikioni. Watu walikiita MP3. Vitu kama hivyo vilikuwa vimejaa sokoni wakati huo. Mimi niliyekulia katika nyakati ambazo redio ya mbao ilikuwa habari ya kijiji kizima nilikitazama kwa mashaka, lakini nilikubali kwamba kilifaa. Mtu angeweza kusikiliza peke yake, popote, bila jirani kujua.

Ilibaki kuzitoa nyimbo kwenye CD na kuzitia mle. Kazi hiyo niliichukua mimi.

Karibu na soko la mjini palikuwa na duka la mtu wa makamo ambaye baba yake alitoka pwani kufanya biashara na mama yake alikuwa wa hapahapa Singida. Aliuza daftari, alipiga chapa barua za watu, na mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: TUNARUSHA NYIMBO. Aliwahi kusimama mbele yangu zamani, nikiwa nimehamishiwa mjini kwa muda, katika shauri la mpaka wa kibanda. Alishindwa, na tangu hapo hakuacha kuniita Mheshimiwa kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

"Mheshimiwa! Leo umekuja kukamata nyimbo?"

Nilimweleza ninachotaka. Nilitaka CD zote mbili zinakiliwe kwa mpangilio wake, ya kwanza kisha ya pili, na asizipigie watu dukani. Alikigeuzageuza kile kidude, akasema nafasi yake ni ndogo lakini ataona la kufanya, nirudi baada ya sala ya alasiri. Niliporudi alinichomeka nyaya masikioni. Nilisikia fimbo zikianguka kwa pamoja na sauti ya mwanamke ikianzisha wimbo, nikazivua papo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimetoa ahadi. Nilimlipa, nikaondoka. Hakuniambia alichokuwa amefanya. Kwake lilikuwa jambo la kila siku, kama muuza mchele anavyopepeta bila kumweleza mnunuzi.

Dada yangu alifundishwa kitufe cha kuwasha na cha kuzima. Nilimkabidhi mwanawe wa kiume zile CD, nikamwambia aziweke mahali salama, kisha nikaaga ili nimwache mwenye haki na haki yake.

Nilirudi baada ya Ijumaa mbili. Nilimkuta ameketi kivulini kwa nyumba akichambua mboga, nyaya zimelala mapajani. Nikampa shikamoo yake, akaitika, tukaulizana hali za nyumba. Hakugusia chochote. Mwishowe nikauliza.

"Nyimbo ziko," alisema. "Mwenyewe hayupo."

Nilimwuliza kama haiwezekani kwamba siku ile marehemu alinyamaza tu.

"Mwenye uwele anyamaze siku ya kupura? Basi huyo si mwenye uwele, ni mgeni amekuja kunywa pombe." Akanisogezea kile kidude. "Sikiliza wewe. Wewe si ndiye usiyeamini mpaka uone?"

Nilisikiliza, mara hii kwa idhini yake. Wimbo wa kwanza ulikwenda hadi mwisho, fimbo ya mwisho ikaanguka, na palepale, kabla mtu hajaweza hata kuinua mkono, wimbo wa pili ukaanza. Vivyo hivyo wa tatu, na wa nne. Hapakuwa na kikohozi, wala kicheko, wala ng'ombe aliyelia kwa mbali. Nimepura uwele ujanani. Hakuna binadamu anayeweza kupura namna ile bila kuvuta pumzi. Ilikuwa wazi kwangu kwamba kuna kilichokatwa, na mkataji nilimjua.

Sikufadhaika sana. CD zenyewe zilikuwepo. Nikamwita mpwa wangu, mtu mzima mwenye watoto, mkulima hodari na msikivu kwa kila neno linalozungumzwa kwenye mashine ya kusaga. Nikamwambia aniletee zile CD.

Alisita. "Zipo shamba, mjomba."

"Shamba zinafanya nini?"

"Zinafukuza ndege."

Nilimwomba arudie, naye akarudia, kwa upole, kama anayemweleza mgeni. Uwele ulikuwa umefikia kutunga maziwa, punje zikiwa bado laini, na ndege waitwao kwelea kwelea walikuwa wameingia. Kila mtu alikuwa anatundika vitu vinavyong'aa. Kule mashineni aliambiwa na watu wanaojua kwamba CD ikishatolewa nyimbo na kutiwa kwenye MP3 inabaki tupu, haina kazi tena.

"Watu wanaojua ni akina nani?"

"Watu, mjomba. Wote wanasema. Hata kihenge ukihamishia uwele kwingine, si kinabaki kitupu?"

"Na mama yako ulimwuliza?"

Akatazama chini. Mama yake alisikia yote pale alipoketi. Aliendelea kuchambua mboga, lakini aliyatupa majani mazuri na kuyaacha mabaya, na hakuna aliyemsahihisha.

Tulikwenda shambani tukiwa wawili. Upepo wa kwetu hauna huruma hata mchana. Mpwa wangu alikuwa amekaza ukanda wa kaseti za zamani kutoka mti hadi mti, nao ulikuwa ukivuma. Kati ya kamba na kamba zilining'inia vipande vya bati, kopo, na CD. Nakiri kwamba zilifanya kazi. Kila zilipozunguka zilitupa mwanga juu ya masuke, na ndege waliinuka kama vumbi na kwenda kutua kwa jirani. Ya kwanza tuliikuta imevunjika, nusu yake kwenye kamba na nusu nyingine haikuonekana. Ya pili ilikuwa nzima, ila uso wake ulikuwa umekwaruzwa kwa bua la uwele lililousugua siku nzima, siku baada ya siku. Niliipangusa kwa leso nikaona sura yangu ndani yake, imejaa mikwaruzo.

"Mjomba," alisema nyuma yangu, "wanasema baba aliyasema yale mwishoni, lundo la mwisho lilipokuwa linapurwa. Kwa hiyo yatakuwa kwenye hii ya pili."

"Wanasema," nilimjibu, nikaifunga CD ndani ya leso.

Dada yangu aliishika ile nzima, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo. Sikumficha kitu. Nilimwambia moja imekwisha, na ya pili sijui, na kwamba sitamwahidi nisichokijua. Alisema niende nayo dukani.

Mwenye duka alipoelewa kilichotokea aliondoa mikono juu ya mashine yake. Alieleza bila kujitetea sana. Wateja wake hawapendi maneno. Mtu akileta kwaya anataka kwaya, akileta taarabu anataka taarabu, na nafasi ya kile kidude ilikuwa ndogo. Yeye hajui Kinyaturu, lugha yetu, kwa kuwa kwao walizungumza Kiswahili cha baba; alisikia mtu anazungumza katikati ya nyimbo, akadhani ni porojo za waliokuwa wakinasa, akakata. Vipande alivyokata alikwisha kuvifuta, maana kompyuta yake nayo ilikuwa ikijaa.

"Ungeniambia mazungumzo ndiyo mali, Mheshimiwa."

"Nilikuambia zote."

"Zote kwa lugha ya duka ni nyimbo zote," alisema, naye hakuwa akitania.

Aliitia CD kwenye mashine. Ilizunguka, ikanguruma, ikagoma. Duka lilikuwa na wateja wengine, na kila mmoja akawa bingwa. Mmoja alitaka ipakwe maji ya ndizi. Mwingine alijua mtu aliyeiweka kwenye barafu usiku kucha. Wa tatu alishauri isuguliwe kwa dawa ya meno, ya kawaida, nyeupe. Niliwauliza kama yupo aliyefanya jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe na kuona matokeo. Wote walikuwa wamesikia. Mwenye duka peke yake alisema hii ya dawa ya meno aliijaribu mara moja na ikamsaidia.

"Nionyeshe," nilimwambia.

Alinitazama. Kisha akachukua kutoka chini ya meza CD moja ya zamani iliyokwaruzika, akaitia ili nione kwamba inagoma, akaitoa, akaipaka dawa ya meno na kuisugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha, akaiosha, akaikausha kwa kanzu yake. Ikapiga. Si yote, lakini ilipiga. Hapo ndipo nilipompa ya dada yangu.

Aliisugua kwa muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba safari hii asikate kitu, hata mbwa akibweka. Mashine ilisoma polepole, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaruka. Baadhi ya mahali haikupita kabisa. Yeye alifuatilia kwenye kioo na mimi nilitazama mikono yake, kwa kuwa bado sikutaka kusikia. Kufikia magharibi alikuwa amepata chini ya nusu ya CD, vipande vipande. Nilimwuliza kama kuna mtu anayezungumza ndani yake.

"Yupo," alisema. "Mzee mmoja sauti nzito. Anaongea, anakatika." Alikataa kulipwa. Aliniambia nimfikishie dada yangu salamu, na mara hii hakuniita Mheshimiwa. Aliniita kaka.

Siku iliyofuata niliketi na dada yangu kivulini. Mpwa wangu alikuwapo, amesimama mbali kidogo. Niliinuka ili nimwache peke yake, lakini alinishika mkono.

"Kaa," alisema. "Wewe ulikuwa hakimu. Nikisikia vibaya unisahihishe."

Aliweka waya mmoja sikioni mwake na kunipa mwingine. Kwa hiyo mimi ni shahidi, na ninayoyaandika niliyasikia. Uliimbwa wimbo ukakatika katikati. Ukaja ukimya wenye upepo, ndama akalia, mtu akakohoa. Kisha nikamsikia shemeji yangu. Aliagiza maji, akasema watu hawa wana vumbi kooni. Dada yangu aliitika. Aliitika kwa sauti, kwa Kinyaturu, kwamba maji yanakuja, kama alivyokuwa akimwitikia miaka yote. Mwanawe aligeuka kutazama.

Nyimbo nyingine zikaja na kukatika. Mahali palipoharibika pakalia kama panzi. Halafu, karibu na mwisho, fimbo zilinyamaza, na sauti ya mmoja wa majirani ikamsifu mwenye uwele kwa mavuno mema katika mwaka mbaya. Dada yangu akaukandamiza waya sikioni. Shemeji yangu akajibu, kwa sauti ileile ya kuagiza maji. Alisema kwa Kinyaturu, nami nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

"Uwele huu si wangu. Mimi nililima majani makavu. Mwulizeni aliye jikoni."

Baadhi ya watu wakaanza kucheka, na CD ikakwama hapohapo. Hakikuja kingine.

Dada yangu alisubiri. Akaniuliza kama kuna mbele. Nikamwambia mbele hapasomeki. Mwanawe alisogea na kusema kwamba wanaojua wanasema baada ya hapo baba alivua kofia na…

"Nyamaza, mwanangu," alisema mama yake.

Alirudisha kwa kitufe nilichomfundisha, tukasikiliza tena. Kisha mara nyingine. Alipoutoa waya sikioni uso wake ulikuwa umetulia.

"Hakunisifu," alisema.

Nikakubali kwamba hakumsifu.

"Alisema ukweli. Wao wamemwongezea." Akakunja nyaya kwa uangalifu, akazifunga kwenye ncha ya khanga yake pamoja na kile kidude. "Hakika hayo ni maneno yake. Kama angelia ningejua ni mtu mwingine."

Kutoka upande wa chini, kwenye kipande kilekile alichokuwa akilima siku zote, ndege walisikika wameshuka kwa wingi. Aligeuza kichwa akasikiliza, akamwuliza mwanawe ametundika nini badala ya zile zilizotolewa. Mpwa wangu alijibu kwamba hajatundika kitu, alikuwa anaogopa kumuudhi mjomba.

"Ile iliyovunjika itarudi shambani," alisema dada yangu. "Hii nyingine ibaki kwa hakimu."

Ninayo hadi leo, kwenye bahasha, Utemini. Mara kadhaa watu wenye mashine mpya wameniambia kwamba siku hizi inawezekana kusoma hata palipokwama. Nimewauliza kama wameliona jambo hilo kwa macho yao. Dada yangu, nilipompelekea habari hiyo kama nilivyoipokea, bila kuongeza wala kupunguza, aliuliza kama uwele wa mwaka ule wa ukame haukwisha kupurwa, nikamwambia ulikwisha, akasema basi, aliyotaka kuyasikia ameyasikia.